Mwaka Bagika Waliposhinda Uingereza

Jilala alinipigia simu kutoka Nassa akaniuliza kama bado naandika. Nikamwambia naandika, ila ni mambo madogo madogo: mvua imenyesha au haikunyesha, nani amepita, tumekula nini. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Basi njoo Jumapili. Kuna mashindano ya ngoma huku kwetu. Nina swali, na sitaki kuliuliza kwa simu." Nikaenda. Tukakaa nyuma ya nyumba yake, kwenye kivuli cha ukuta, tukaletewa ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, na kabla sijamaliza kunawa akasema, "Minza, mwaka ule tulishinda kwa nini?" Sikumuuliza mwaka gani. Nimezaa, nimepata wajukuu, nimehama huku na kule, lakini kati yangu na Jilala mwaka ni mmoja tu: ule ambao vyama vingi viliruhusiwa nchini, na Waingereza nao wakapiga kura yao pamba yetu ikiwa bado kijani shambani. Nilimwomba anipe muda nile kwanza. Haya ninayoyaandika ndiyo yaliyonipita kichwani wakati natafuna, na nimeyanyoosha kidogo baadaye. Kama nimekosea mahali, aliyekuwepo anisahihishe. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kukumbuka kitu si sawa na kukijua.

Mwaka ule nilikuwa napika kwenye hoteli ya Mama Holo, Bariadi mjini, karibu na stendi. Tuliita hoteli, lakini kilikuwa chumba cha matofali mabichi kilichopigwa lipu upande wa barabarani tu, ili anayepita aone uzuri, na anayeingia ajionee mwenyewe. Kulikuwa na mabenchi yaliyong'aa kwa kukaliwa, na kati ya wateja na jiko lilining'inia pazia la kitenge. Nyuma ya pazia hilo ndipo nilipopata elimu yangu nyingine. Asubuhi tulitoa supu ya miguu ya ng'ombe na chapati, mchana wali au ugali na mlenda, na kwa waliotoka vijijini kulikuwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, nilivyovichemsha mpaka vikatoa utamu kama asali, nikaviwekea karanga. Watu walikula wakibishana. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni, na ghafla sukari ipo hata gengeni, mitumba imejaa mnadani, vijana wanatembea na makoti ya baridi kwenye jua la saa saba. Na juu ya hayo yote, tukaambiwa kutakuwa na vyama vingi. Mmoja mezani alisema vyama vingi ni vita. Mwingine akamjibu, "Yaya, hapana! Ni ngoma tu. Sisi si tunayo miaka yote?"

Huyo hakuwa anatania. Huku kwetu Usukumani wachezaji wa ngoma wako pande mbili tangu mababu, Bagika na Bagalu, na mtu huzaliwa au huingizwa upande mmoja na kufia humo. Baada ya mavuno pande mbili hukutana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na manju wake, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo. Wote wanacheza kwa pamoja, huyu mwisho huu, yule mwisho ule. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka na kuhama wanapotaka. Mwenye watu wengi ameshinda. Mwenye wachache anafunga ngoma zake, anarudi nyumbani akizomewa mpaka mlangoni.

Manju wa Bagalu pale mjini alikuwa Mzee Masunga, mjomba wake Jilala. Alikuwa mrefu, taratibu, sauti yake nzito kama ya ng'ombe dume aliye mbali, na alitembea na kigoda chake mwenyewe cha mninga kwa sababu hakuamini mabenchi ya Mama Holo. Alikuwa amepigwa na Bagika miaka miwili mfululizo. Vijana wake walikuwa wameanza kunong'ona kwamba wakipigwa tena watagawana ngoma, kila mmoja aende zake. Yeye alijua. Jilala, ambaye alikuwa mchezaji wake wa kwanza na aliyeweza kurusha jembe juu likazunguka akalidaka kwa vidole vya mguu, kama walivyodai mashabiki wake, alijua zaidi. Mimi sikuwahi kumwona akilidaka kwa mguu. Kwa mkono nilimwona. Mama Holo mwenyewe alikuwa Bagika wa damu, na kila alipompelekea Masunga supu alimwuliza, "Baba, nikuongezee mfupa, au nao utahama?"

Aliyetuletea Waingereza ni Mwalimu Maduhu, mstaafu, mtu mwembamba mwenye redio kubwa aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli. Betri zake alizianika juani juu ya bati letu kila asubuhi, na mimi nilizigeuza kama ninavyogeuza michembe. Siku moja akaingia akitangaza kwamba Waingereza wanakwenda kwenye uchaguzi mkuu na kwamba sisi tunaoingia vyama vingi tunapaswa kusikiliza kwa makini. Watu wakamwuliza kuna vyama gani. Akaeleza: kuna kile cha wafanyakazi, na kile cha wanaotaka mambo yabaki yalivyokaa. Masunga, kutoka kwenye kigoda chake, akauliza, "Wafanyakazi ndio Bagalu?" Mwalimu akafikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, hakupenda kukubali jambo kwa sababu tu ni rahisi. Mwishowe akasema, "Tuseme ndio, kwa ajili ya somo." Mama Holo akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Kwa hiyo wale wengine ndio sisi?" Ikawa hivyo. Kosa hilo, kama ni kosa, lilienea mjini kabla jua halijazama. Watu ambao hawakujua Uingereza iko upande gani wa Musoma wakawa wanaulizana sokoni, "Bagalu wa kule wanaendeleaje?"

Kwa majuma kadhaa Mwalimu alitufundisha, kila mchana sura moja. Alianza na mwisho wa ile vita kubwa ya pili ya Wajerumani, na mzee mmoja wa Bagika wa kule aliyewaongoza Waingereza mpaka wakashinda, na mara tu ilipokwisha, watu wake wakamnyima kura. Masunga aliweka kijiko chini. "Amewashindia vita, halafu wakamwacha?" "Wakamwacha." "Watu gani hao!" Mwalimu akasema askari walirudi wakitaka nyumba, hospitali na kazi, na Bagalu ndio waliokuja na habari hizo. Masunga akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Aliendelea kuimba wimbo wa vita, na wenzake wameshavua viatu." Basi Bagalu wakajenga hospitali, Mwalimu akaendelea, lakini chakula kikaendelea kutolewa kwa kadi, nyama kwa kadi, foleni kila mahali. Mama Holo hakungoja mwisho. "Hapo mimi ningehamia Bagika siku hiyo hiyo. Foleni naijua. Nimewahi kupanga foleni ya sukari nikafika mbele nikapewa kiberiti." Na kweli, Mwalimu akasema, Bagika walirudi. Ila kulikuwa na jambo la ajabu: mwaka huo Bagalu ndio waliopata watu wengi zaidi nchi nzima, na bado wakashindwa, maana kule wanahesabu uwanja mmoja mmoja, halafu wanahesabu viwanja. Masunga akasimama kabisa. "Watu wengi wako kwangu, unaniambia nimeshindwa? Mwalimu, huo ni uchaguzi au uchawi?"

Nimeyaweka haya kama nilivyoyasikia, na sina hakika Mwalimu aliyapanga sawasawa. Lakini nakumbuka furaha yake. Alisimulia jinsi serikali moja ya Bagika ilivyogombana na wachimba makaa mpaka taa zikazimika, ikawauliza wananchi nani anatawala, wananchi wakajibu siyo wewe. Alisimulia jinsi serikali ya Bagalu nayo ilivyogombana na wafanyakazi wake wenyewe kipindi cha baridi, taka zikajaa mitaani, na mahali fulani maiti zikakosa wa kuzizika. Chumba kizima kikaguna. Masunga mwenyewe akasema, "Hapo hata mimi ningehama. Maiti!" Mwalimu alidai kila serikali huanguka kwa mambo ya tumboni, bei na kazi. Masunga akabisha. "Mwalimu, wewe umesoma, mimi nimesimama uwanjani. Mtu hahami kwa sababu kule kuna kizuri. Kwanza anachoka na wewe. Anakupa mgongo kidogo, anajifanya anajikuna. Halafu ndipo anatafuta pa kwenda." Mwalimu alisema hilo nalo ni kweli, na kwamba labda wanasema kitu kimoja kwa maneno mawili. Sijaamua mpaka leo. Kuna siku naona Mwalimu alikuwa sahihi, na siku nyingine Masunga.

Halafu tukafika kwa yule mama. Mwalimu alisema Bagika wa kule waliongozwa na mwanamke, tena mkali, aliyeshinda mara tatu mfululizo. Mama Holo alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. "Na nini kilimwangusha?" Mwalimu akanywa maji, akasema polepole, "Alileta kodi ya kichwa." Nimesikia vicheko vingi maishani lakini sijasikia kama kile. Maana kodi ya kichwa huku kwetu nani asiyeijua? Ndiyo ileile waliyotuletea Waingereza wenyewe enzi za ukoloni, na ndiyo iliyokuwa ikiwafanya wanaume wazima wa Bariadi wapite mashambani kwa kuinama siku wakusanyaji wanapoweka kamba barabarani. Jilala alikuwa ameanguka kutoka kwenye benchi. "Kwa hiyo kuna mzungu amelala kwenye mahindi anawakwepa mgambo?" Mwalimu alijaribu kueleza kwamba hawana mahindi. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walilia machozi. Hata Masunga aliyekuwa hacheki siku hizo alitabasamu kwa pembe ya mdomo. "Basi," Mwalimu alisema kelele zilipopungua, "watu wake mwenyewe, wa chama chake, wakamwondoa. Wakaweka mwanamume mpole. Akaahidi kuiondoa kodi. Lakini amechelewa. Wapimaji wote wa maoni ya watu wanasema safari hii ni Bagalu."

Asubuhi ya matokeo nilikuwa nasukuma chapati, kuta bado zina ubaridi, Mwalimu akaja na redio mapema kuliko kawaida, na Masunga tayari yuko kwenye kigoda chake amejifunga shuka safi, kama anakwenda harusini. Alikuwa amewaambia watu wote wa mnadani kwamba Bagalu wanashinda kule leo, hapa kesho. Redio ikakoroma, ikapotea, ikarudi. Kisha Mwalimu akaizima. "Bagika," akasema. Mama Holo aliacha sufuria ikichemka akatoka barabarani akipiga kelele, "Bagika mpaka Ulaya! Bagika mpaka Ulaya!" na akagawa supu bure kwa kila aliyepita, hata kwa Bagalu, jambo ambalo kwa haki lazima niliandike, maana hakuwa mtu wa kugawa. Masunga alibaki amekaa. Akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwa nini? Si ulisema watu wamewachoka?" Nadhani Mwalimu hakuona alipokuwa anakanyaga. Alijibu kama mwalimu. "Waliwachoka, Mzee. Lakini walikuwa wamebadilisha manju. Watu wakaona wameshahama bila kuhama."

Jilala aliangalia sakafu. Mama Holo, aliyekuwa amerudi mlangoni na bakuli tupu, alifunga mdomo, na nilipenda alivyoufunga, kwa sababu utani ulikuwa umemjaa mdomoni. Masunga aliinuka, akachukua kigoda chake, akaaga kila mtu kwa jina lake, akatoka na supu haijaguswa.

Hakurudi siku nyingi. Pamba ilipasuka, ikavunwa, magunia yakapita stendi, na vijana wake walizidi kunong'ona. Siku moja nikiwa nje nachambua mchele kwenye ungo nikaona kivuli kirefu juu ya mchele. "Mwangaluka, ng'wana wane," alinisalimia, akiniita mwanangu. "Mwangaluka, baba." Akaweka kigoda chini, akakaa. Alitazama mchele kwa muda, akatoa jiwe moja nililoliruka. "Minza, watu wanasema wewe husemi uongo hata wa kumfurahisha mtu. Mwaka jana uwanjani ulisimama wapi?" Nikamwambia nilianza kwake. "Na ukamaliza?" "Kwa Bagika, baba." "Walikuwa wazuri?" Nilitamani awe ameniuliza chochote kingine. Nikasema, "Hawakuwa wazuri sana. Ila wimbo wako nilikuwa naujua mpaka mwisho, nikajikuta namtazama mtoto aliyebebwa mbele yangu. Baadaye ndipo miguu ikaenda." Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. "Ulijikuna?" "Nadhani nilijikuna, baba." Akacheka. Kicheko kilitoka tumboni, kikamshangaza hata yeye. Akaniagiza nimtafutie Jilala.

Sikusikia yote waliyozungumza, nilikuwa nyuma ya pazia na mafuta yalikuwa yanachemka. Nilimsikia Jilala akisema, "Mami, mimi siwezi kukaa juu yako," maana kwa Kisukuma mjomba ni mami. Nilimsikia Masunga akijibu, "Hukai juu yangu. Unasimama mbele. Mimi nitakaa, nimechoka kusimama." Kisha akampa sharti moja: asitunge wimbo wa kuwasifu Bagalu. "Wimbo wa kujisifu unamfurahisha anayeuimba. Tafuta kinachowawasha wao." Jilala akaenda kwa Mwalimu Maduhu, wakajifungia na redio, na kwa siku kadhaa betri hazikuanikwa.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa mpaka barabarani. Bagika walikuja wamevaa makoti ya mitumba ya rangi moja, mazito, yenye manyoya shingoni, na filimbi mpya. Walitokwa jasho kama mvua na walipendeza, siwezi kusema vingine. Watu wakaenda kwao kama maji yanavyoshuka. Jilala upande wa pili alikuwa na jembe lake na watu wachache, wengi wao ndugu. Halafu likatokea lililonifanya niache karanga nilizokuwa nauza: Mzee Masunga, na kigoda chake, akapita katikati ya uwanja akaenda kukaa mbele kabisa, upande wa Bagika. Minong'ono ikazunguka. "Manju amehama!" Mama Holo hakuamini macho yake, akamtandikia khanga chini ya miguu. Nilimwangalia Jilala. Alikuwa amesimama na jembe begani, uso umemkauka, na nilijua kwamba akifunga ngoma sasa, Bagalu wa Bariadi wamekwisha.

Hakufunga. Alianza wimbo wa yule mama wa Ulaya. Uliimbwa kwa Kisukuma na kwa Kiswahili unapungua nusu, lakini ulisema hivi: Mama, ulihesabu vichwa vya watu, ukaviandika, ukavitoza, ukasahau kwamba kila kichwa kina miguu. Na kila kiitikio wachezaji waliinama wakanyata kama wanaume wanaokwepa kamba ya kodi mahindini, halafu wakachungulia, halafu wakatimka. Kicheko kilianza mbali. Kikaja kikaongezeka. Na pale kwa Bagika, Masunga alikuwa akisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mabega yakaanza kumcheza, akasimama, akaweka kigoda chake kichwani kama mwanamke aliyebeba mtungi, akaanza kuvuka uwanja. Taratibu, hakumtazama mtu. Nyuma yake akafuata mmoja. Wakafuata wengine. Kisha uwanja wote ukainama kama mtumbwi, makoti yakabaki yanapuliza filimbi peke yao, na Mama Holo amesimama kwenye khanga yake anapiga kelele, "Rudini, wapuuzi! Rudini!" huku naye anacheka mpaka anashika mbavu.

Hayo yote nilimweleza Jilala kule Nassa, ugali ukipoa. Nikamwambia: Mwalimu angesema mlishinda kwa sababu ya kodi, kwa kuwa iliwauma watu. Mjomba wako angesema Bagika walikuwa wameshinda mno, watu wakawachoka. Wachezaji wako walisema ni sauti yako. Na kwa haki, niliandika siku ile kwamba upepo uligeuka mchana, vumbi lote likaenda upande wa makoti. "Na kigoda?" akauliza. Nikasema, "Nilimwuliza Mzee kabla hajafariki kama alipanga. Aliniambia alikwenda kule kwa sababu kulikuwa na nafasi ya kukaa." Jilala akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanitazama, mzee mwenye mvi na magoti mabovu, akasema, "Na mimi nilikuwa na nini, Minza?" "Ulikuwa mpya." "Na sasa?"

Uwanjani ngoma zilikuwa zimeanza, tulizisikia. Kikundi chake kilikuwa kinamngoja, na msichana mmoja mchezaji, Kabula, alikwishakuja kuchungulia mara mbili kuona kama babu amemaliza kula. Nilinawa mikono. "Mwaka jana niliwatazama," nikamwambia. "Nilijikuna." Hakukasirika. Alikaa kidogo akisikiliza, akamwita Kabula, akampa filimbi yake bila maneno mengi: "Tangulia. Nakuja." Tulipofika, watu walikuwa wamejazana upande wa pili. Jilala akabeba kiti chake cha plastiki akaenda kukaa huko huko, kwa wapinzani, mbele kabisa. Kabula akaanza wimbo ambao mimi sikuwahi kuusikia, wa simu na vocha na mwanamume asiyepatikana hewani. Watu wakageuza shingo. Na nikamwona Jilala akiinuka, magoti yakilalamika, akiweka kiti kichwani, akivuka uwanja kwa mwendo wa mjomba wake hatua kwa hatua. Watu wakamfuata, na mimi pia. Hata jioni hii ninapoandika, sijui nilifuata wimbo au nilifuata kiti.